Seva Iko Frankfurt, Mteja Yuko Muscat

"Shangazi, mbona hapa kwangu inafunguka vizuri tu?"

Kila fundi wa tovuti amewahi kusema maneno hayo, au yanayofanana nayo. Tuseme safari hii yamesemwa Mandewa, kata ya Manispaa ya Singida yenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Msemaji ni kijana aliyekitengenezea kikundi cha wafugaji nyuki na wakamuaji wa alizeti duka la mtandaoni. Shangazi yuko Muscat, na ndiye mteja wao wa kwanza wa ng'ambo. Amegusa picha ya dumu la asali kwenye simu, picha ikazunguka, ikazunguka, mpaka chai yake ikapoa. Kijana naye kafungua ukurasa uleule: sekunde mbili, umefika. Kaufungua tena: hata sekunde haikuisha. Akaona tatizo ni simu ya shangazi.

Kisa ni cha mfano, ila kosa lililomo ni la kila siku. Mara ya pili ukurasa haukutoka kwenye seva. Kivinjari kilishaziweka picha akiba ndani ya kompyuta. Na hata ile mara ya kwanza ilipima njia ya Mandewa. Njia ya Muscat hakuna aliyeipima.

Bidhaa aliyonunua kijana huitwa VPS, yaani seva pepe ya kukodi. Kampuni huweka kompyuta moja kubwa katika kituo cha data, kisha programu inaigawa vyumba vyumba, na kila mpangaji anakabidhiwa ufunguo wake, kumbukumbu yake na sehemu yake ya diski. Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga yenye ua mmoja ameshaielewa: chumba chako ni chako, lakini bomba la uani mnachota wote. Tangazo likisema "gigabiti 1 kwa sekunde" halidanganyi. Linataja upana wa bomba pale ukutani. Halitaji wapangaji wangapi wamejipanga na ndoo saa 2 usiku, wala maji yakitoka pale yanapita wapi hadi yamfikie shangazi.

Njia yenyewe ina hesabu zake, na hazina upendeleo. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 700. Kwa umbali huo, kwenda na kurudi huchukua milisekunde 7. Basi wanaoilaumu Singida kwa kuwa bara wanailaumu bure, kwani safari ndefu huanzia ufukweni. Dar es Salaam hadi Frankfurt, iliko seva ya kijana, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 7,000, na mwanga hauwezi kwenda na kurudi huko chini ya milisekunde 70. Ila hakuna kebo iliyonyooka hivyo. Pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, ikipita kaskazini huifuata Bahari ya Hindi, ikapanda Bahari ya Shamu, ikavuka Misri, ikatokea Mediterania na kupanda nchi kavu, mara nyingi Marseille, ndipo ielekee Ujerumani. Kipimo kikisoma milisekunde 150 hivi, hapo mtandao haujaharibika. Kikisoma 300, kuna mahali pakiti imezungushwa.

Wenye umri wanakumbuka kulikuwa kubaya zaidi. Kabla kebo ya SEACOM haijaanza kazi Julai 2009, pwani yetu iliitegemea setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali lilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka; karibu nusu sekunde ilipotea angani kabla seva haijafanya lolote.

Muscat ndiyo inayochekesha. Kwa karne nyingi jahazi lilishuka na pepo za kaskazi kutoka Omani hadi Unguja, na kusi ikalirudisha. Kwenye ramani Dar es Salaam na Muscat zimeachana kama kilomita 4,000 tu. Lakini pakiti haisafiri kwa ramani, inasafiri kwa mikataba: mtandao huu unabadilishana mizigo na ule mahali walipokubaliana, na mara nyingi mahali hapo ni Ulaya. Ndiyo maana mtu anaweza kukodi seva Dubai akidhani amewasogelea wateja wa Ghuba na wa Dar es Salaam kwa mpigo mmoja, kumbe mzigo wa Dar es Salaam unapanda mpaka Mediterania kisha unateremka tena. Huenda Marseille, inayoonekana mbali na wote, ikawafaa wote kuliko Dubai. Huenda pia isiwafae. Ramani haitoi jibu la swali hili, na muuzaji naye hana jibu. Jibu linapatikana kwa kupima.

Vifaa vya kupimia ni vya bure na vya zamani. Programu ya ping iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, mtaalamu wa maabara ya jeshi la Marekani, aliyelichukua jina kutoka mlio wa sona za nyambizi: unapiga sauti, unasubiri mwangwi. Hadi leo inafanya hivyohivyo. Mwenye haraka huitupia jicho namba moja tu, ile ya wastani, halafu anafunga dirisha. Zilizobaki ndizo zenye habari. Chukua matokeo ya pakiti 100: wastani milisekunde 160, ya chini 152, ya juu 410, na mbili hazikurudi. Wastani hauna shida. Lile pengo la 152 hadi 410 ndilo litakalokatakata sauti ya mtu kwenye simu ya video. Na zile mbili zilizopotea ndizo zinazozungusha picha ya asali.

Upotevu wa pakiti unastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu watu huudharau. Asilimia 1 inaonekana si kitu. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walitoa kanuni inayokadiria kasi ya TCP, utaratibu unaobeba sehemu kubwa ya kurasa za tovuti, kutokana na umbali na upotevu. Ukiweka milisekunde 160 na upotevu wa asilimia 1, kasi ya muunganisho mmoja inashuka hadi karibu megabiti 0.9 kwa sekunde, hata kama bomba ukutani ni la gigabiti. Weka upotevu uleule kwa seva iliyo jirani, milisekunde 20, unapata megabiti 7 hivi. Ukurasa wa megabaiti 3 unamfikia jirani kwa sekunde tatu na ushee, na wa mbali kwa karibu nusu dakika. Sababu ni kwamba TCP ikipoteza pakiti hudhani barabara imejaa, inapunguza mwendo, kisha inaongeza polepole kadiri majibu yanavyorudi. Na wa mbali majibu yake yanachelewa kurudi. Mbinu mpya ya kudhibiti msongamano, BBR, iliyotolewa na Google mwaka 2016, haiogopi upotevu mdogo namna hiyo, na kwenye seva za Linux za siku hizi huwashwa kwa mistari miwili ya mipangilio. Ni jambo la kwanza kujaribu kabla ya kuhama nyumba.

Kabla hata ya picha kuanza kushuka, kuna salamu. Simu inapiga hodi kwa TCP, inakubaliana na seva juu ya usimbaji, ndipo inaomba ukurasa. Kwa usimbaji wa toleo la zamani, TLS 1.2, hizo ni safari nne za kwenda na kurudi. Kwa TLS 1.3, iliyokamilishwa mwaka 2018, ni tatu. Kwa milisekunde 160, tofauti ni 640 dhidi ya 480, na haigharimu hata senti.

Ping inaonyesha kwamba kuna tatizo. Programu ya mtr inasaidia kuona liko wapi, kwa kuorodhesha vituo vyote vya njiani. Hapa ndipo mafundi wengi huumbuka. Wanaona kituo cha sita kina upotevu wa asilimia 60, wanapiga picha skrini na kuituma kwa kampuni kwa hasira. Tazama mstari wa mwisho kwanza. Kama kituo cha mwisho kina sifuri, hakuna kilichopotea: rauta ya kituo cha sita kazi yake ni kupitisha mizigo, na kujibu ping ni hisani inayoifanya ikipata nafasi. Upotevu wa kweli huanza mahali fulani na kuendelea hadi mwisho. Jambo la pili: njia ya kurudi si lazima iwe njia ya kwenda. Kipimo kifanyike kutoka kwa mteja kwenda kwenye seva, na kutoka kwenye seva kwenda kwa mteja, ama sivyo ni nusu ya kipimo.

Sasa, kijana wa Mandewa atapimaje kutoka Muscat? Anaweza kumwomba shangazi, na shangazi mwenye subira ni hazina. Bila shangazi, kuna RIPE Atlas, mradi ulioanza mwaka 2010, wenye vifaa vidogo zaidi ya 10,000 vilivyochomekwa na wanaojitolea katika nyumba na ofisi duniani kote. Ukiwa na pointi, unazopata kwa kukaribisha kifaa kwako, unaviagiza vipime seva yako kutoka nchi uitakayo. Kampuni nyingi za kukodisha seva pia zina anwani za majaribio na faili za kupakua kwa kila kituo chao cha data. Kinachopaswa kuachwa kabisa ni ile desturi ya kuingia kwenye seva mpya, kuendesha kipimo cha kasi kinachochagua chenyewe kituo cha karibu, na kutangaza megabiti 900. Hapo umepima umbali wa chumbani hadi uani.

Saa nayo ihesabiwe. Muscat iko saa moja mbele ya Singida, kwa hiyo msongamano wa jioni ya huko unaanza sisi tunafunga maduka. Kipimo cha saa 5 asubuhi hakisemi lolote kuhusu saa 3 usiku. Kwa wiki nzima, kila dakika kumi, kipimo kiandikwe kwenye faili; kompyuta haichoki.

Hata wiki haitoshi kuonyesha kila kitu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Miezi michache nyuma, Februari, nyaya nyingine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Aliyepima Ijumaa ya tarehe 10 Mei alikuwa na karatasi safi isiyo na maana Jumatatu. Funzo lake ni la kiufundi tu: swali la kuuliza kampuni si kasi, ni mizigo yake inapita nyaya zipi, na ngapi zinabaki moja ikikatika.

Wateja wa nyumbani wana hesabu tofauti. Mtandao wa simu wa mnunuzi wa Manyoni na mtandao wa seva iliyo Dar es Salaam vikikutana kwenye kituo cha kubadilishana mizigo cha TIX jijini humo, pakiti haivuki bahari. Visipokutana, yaweza kwenda Ulaya na kurudi kwa jirani. Kenya ilipigania jambo hili mapema: kituo chake, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa baada ya wiki chache kwa malalamiko ya kampuni ya simu ya taifa, kikarudi hewani Februari 2002. Na anayehifadhi majina na namba za wateja akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, ina masharti kuhusu taarifa zinazopelekwa nje ya nchi.

Seva nyingi hukodishwa kwa mwezi, baadhi hata kwa saa. Kwa hiyo msomaji anayevutiwa na punguzo la kulipia mwaka mzima aombe kwanza anwani ya majaribio, aipime siku saba kutoka waliko wateja wake, ndipo atoe pesa. Muuzaji asiyetoa anwani hiyo aachwe na punguzo lake.