Tuwaulizeje wapiga kambi?

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Hata hivyo, yapo maswali yanayouliza na yapo maswali yanayojijibu yenyewe. Sisi tunaofundisha isimu hukumbana na tofauti hiyo kila siku, na leo ningependa kuitazama mahali ambapo wengi hawangeitarajia: katika viwanja vya kupigia kambi vilivyomo ndani ya mbuga za umma.

Katika mbuga zetu nyingi zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kambi ni za aina mbili. Kuna kambi za umma, zilizo wazi kwa yeyote aliyelipa ada, na kuna kambi maalumu, ambazo hutengewa kundi moja tu na aghalabu hazina chochote ila miti na nyasi. Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1984, inajulikana sana na wanafunzi kwa sababu mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Je, kambi za mahali kama hapo zijengewe mabafu, mifereji na taa, au ziachwe zilivyo? Na ni nani wa kuulizwa?

Swali hili si geni duniani. Huko California, katika miaka ya 1920, mtaalamu wa magonjwa ya miti aitwaye E. P. Meinecke aligundua kwamba miti ilikuwa ikidhoofika kwa sababu magari na nyayo za wageni zilikuwa zikishindilia udongo juu ya mizizi. Mnamo 1932 alipendekeza kambi ziwe na barabara ya kwenda upande mmoja, na kila kundi lipewe mahali pake pa gari, hema, meza na moto. Mpango huo ungali unafuatwa katika kambi nyingi za Marekani. Lakini Meinecke aliuliza mti. Hakumuuliza mpiga kambi.

Mpiga kambi alikuja kuulizwa baadaye. Mnamo 1958 bunge la Marekani liliunda tume ya kuchunguza mahitaji ya wananchi ya burudani za nje, nayo ikatoa ripoti yake mwaka wa 1962. Kisha, mwaka wa 1971, watafiti Clark, Hendee na Campbell walichapisha makala yaliyolinganisha maoni ya wapiga kambi na yale ya wasimamizi wao. Ilibainika kwamba pande hizo mbili hazikuiona kambi kwa jicho moja. Wasimamizi waliyaona matatizo kuwa makubwa kuliko wageni walivyoyaona, nao wageni waliokaa katika kambi zilizojengwa vizuri waliendelea kuamini kwamba wameyakaribia maumbile. Somo ni wazi: afisa anayedhani anajua mgeni anataka nini huenda anayajua matakwa yake mwenyewe tu.

Basi tutayapimaje matakwa hayo? Njia iliyozoeleka ni hojaji yenye mizani ya ngazi tano, kutoka "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa", iliyobuniwa na Rensis Likert mwaka huo huo wa 1932. Chombo ni kizuri, lakini ubora wake hutegemea maneno yanayotiwa ndani. Ukimuuliza mgeni, "Je, ungependa kambi hii iboreshwe?", nani atakataa? Neno "kuboresha" limekwisha kuhukumu kabla ya shahidi kufungua kinywa. Muulize badala yake: "Tukijenga mabafu ya maji moto, ada itapanda na miti kadhaa itakatwa. Utachagua hivyo, au kambi ibaki ilivyo?" Hapo ndipo pendeleo hupata uzito, kwa kuwa pendeleo lisilo na gharama ni tamaa tu.

Fauka ya hayo, kuna mtego uliofichika zaidi. Kambi ikishajengwa, wale waliopenda utulivu wa nyika huondoka kimyakimya, na mahali pao huchukuliwa na wapendao taa na mifereji. Mtafiti akija kuuliza, huwakuta waliobaki, nao humwambia kwamba wameridhika. Naye huandika kuwa mpango umefaulu! Hakuwahoji waliohama, wala mwalimu aliyeshindwa kuwaleta wanafunzi wake kwa sababu ya ada, wala mfugaji anayeishi nje ya ua wa mbuga.

Suala la lugha nalo lisipuuzwe. Hojaji iliyotungwa kwa Kiingereza na kufasiriwa neno kwa neno haipimi kitu kile kile. Katika masikio yetu, "kambi" huleta picha ya wanajeshi au wakimbizi kabla ya kuleta picha ya likizo. "Nyika", ambayo kwa mgeni wa mbali ni mahali pasipo mtu, kwa mfugaji ni malisho na nyumbani. Yamkini watu wawili watie alama katika ngazi ile ile ya mizani ilhali wamejibu maswali mawili tofauti.

Katiba yetu ya 2010 inaitambua lugha ya Kiswahili kuwa ya taifa na pia rasmi, na katika kifungu cha 69 inaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika usimamizi wa mazingira. Kushiriki hakuwezi kuanza kwa swali lisiloeleweka. Ninapendekeza hojaji za mbuga zitungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, zijaribiwe kwanza kwa watu wachache, zitaje gharama ya kila chaguo, na zipelekwe pia shuleni na vijijini kwa wale ambao hawajawahi kupiga hema mbugani.

Nanyi walimu, hili ni zoezi zuri la darasani. Wapeni wanafunzi swali moja, walitunge kwa namna mbili, kisha walinganishe majibu. Watajifunza takwimu na lugha kwa pamoja, na siku watakapopewa mamlaka ya kuamua ni mti upi ukatwe ili choo kijengwe, watajua kuuliza kabla ya kushika shoka.