Nyuma ya musiba, hesabu ya kweli inaokoa watu

Wafanyakazi wenzetu, na ninyi wamama wa nyumba,

Kama mwamba umeanguka chini ya shimo, swali la kwanza ni hili: watu wangapi walishuka, na wangapi wamepanda? Hesabu ile ndiyo inaonyesha pa kutafuta. Musiba ukipata muji muzima, ni vile vile.

Tukumbuke Goma. Katika mwezi wa saba 1994, wakimbizi wa Rwanda, kati ya 500,000 na 800,000, waliingia kwa siku chache tu. Udongo wa kule ni mawe ya volkano: kuchimba choo ni taabu, kuchimba kaburi ni taabu. Wengi walikunywa mayi ya ziwa Kivu bila kuyasafisha. Kolera ikashika, nyuma yake kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza, watu karibu 50,000 walikufa, walio wengi kwa kuhara.

Waganga walijua namna gani? Walihesabu maiti zilizookotwa na malori kandokando ya barabara. Kisha walipita kambini katika jamaa zilizochaguliwa bila upendeleo, wakiuliza: muko wangapi? Nani amekufa tangu mulipofika? Kwa ugonjwa gani?

Kipimo chao ni chepesi. Katika watu 10,000, kama mutu 1 anakufa kila siku, ni hatari. Kule Goma walikufa 20 mpaka 35. Fanya hesabu wewe mwenyewe: katika kambi ya watu 20,000, maiti 2 kwa siku ni alama ya hatari, kule zingekuwa 40 mpaka 70.

Hesabu hiyo inaonyesha kazi ya kutangulia. Watu wa mbali wanaleta nguo, lakini nguo haizuii kolera. Mbele ya yote ni mayi safi, vyoo, dawa ya kurudisha mayi mwilini, na chanjo ya surua kwa watoto. Leo mashirika ya musaada yanatafuta angalau litri 15 za mayi kwa kila mutu kwa siku, na choo 1 kwa watu 20.

Volkano ya Nyiragongo ilipopasuka tarehe 17 januari 2002, watu walikimbia, wakarudi, wakateka tena mayi ya ziwa. Lakini safari hii klorini ilitiwa mapema katika mayi ya watu, na kolera kubwa haikutokea. Tarehe 22 mei 2021 ikapasuka tena, na watu karibu 500,000 wakakosa mayi safi. Swali la kwanza likawa lile lile: mayi.

Sasa, sisi wenyewe. Mvua ikibomoa nyumba za kambi yetu, mutu wa afya atapiga hodi kwako na karatasi. Usifiche maiti kwa sababu ya haya ya kolera: lori la mayi litapelekwa kwingine. Tena usiongeze majina ili upate posho zaidi: wazima wa uongo wakiongezeka, wafu wanaonekana wachache, na hatari ya kweli inajificha.

Wakati wa kungojea musaada:

– Chemsha mayi ya kunywa, uyafunike.
– Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni na mbele ya kula.
– Mutu akihara, mupe mayi haya: litri 1 ya mayi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, hata njiani. Mutoto anayenyonya aendelee kunyonya.
– Mupeleke kwa munganga siku ile ile. Kolera inaweza kuua kwa saa chache.

Baba, mama, jueni hesabu ya nyumba yenu, muiseme bila kuficha. Jibu lenu la kweli litaokoa hata mutoto wa jirani.