Picha ya Kongo kwenye tike ya bahati

Tike ya pari foot kila mtu wa Goma anaijua: kakaratasi keupe, maandishi meusi, picha hakuna. Lakini zamani tike ya bahati ilikuwa karatasi ya kupendeza, na kuna moja iliyotembea Ulaya kwa jina la nchi yetu.

Mwaka 1934 Ubelgiji ilianzisha Loterie coloniale. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka na ile krizi ya 1929, kule Katanga Union Minière ilikuwa imerudisha wafanyakazi maelfu kwao, na sanduku la koloni lilikuwa na shida. Njo wakubwa wakaona dawa ni tombola: watu wa Brussels na Liège wanunue tike, wachache washinde feza nyingi, faida iende kwa koloni. Sasa fundi wa Liège, na watoto wake nyumbani, utamfanya namna gani atoe makuta kwa ajili ya nchi ambayo hajawahi kukanyaga? Unamuonyesha picha. Mtende, mnyama wa pori, kinyago, jua kali. Deni la koloni halichorwi.

Chini ya picha kulikuwa kazi nyingine, na sisi njo tunayoipenda zaidi. Maandishi yalikuja mara mbili, Kifaransa na Kiflama, na mchoraji alipaswa kupata nafasi ya lugha zote mbili kwenye karatasi ndogo. Namba ilikuwa kubwa, kwa sababu siku ya kutoa bahati macho yote yanaenda pale, hasa kwa tarakimu za mwisho. Nyuma ya picha kuna mistari myembamba inayozunguka na kupitana kama nyuzi za kikapu. Wafaransa wanaiita guilloche. Mkono wa mtu unashindwa kuiiga, basi mwenye kutengeneza tike ya uongo anakamatwa hapo.

Mistari ya namna hiyo unayo mfukoni. Chukua noti ya franka 500, ile iliyoandikwa mwaka 2002, uisogeze karibu na dirisha. Utaiona mistari, na katikati utaona wachimbaji wa almasi wako kazini. (Ndiyo, kreseri yuko kwenye noti, hata kama noti haikai kwake siku nyingi!) Tembo wa franka 100 na twiga wa franka 20.000 wamefuata njia ileile: mnyama anafanya karatasi itambulike haraka, hata kwa mama ambaye hakusoma.

Tike nzima ilikuwa ghali, kwa hiyo iliuzwa pia kwa vipande, sehemu moja ya kumi. Ufaransa, ambako loteri ya taifa ilianza 1933, askari walioharibika sura katika vita vya 1914-1918 walikuwa na vipande vyao na alama yao. Walijiita Gueules cassées. Watu wa shimo wanaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa: kumi wanachanga, kumi wanagawana, na mara nyingi kumi wanapoteza.

Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, jina la koloni halikuweza kubaki kwenye tike. Siku hizi wakusanyaji wa vitu vya kale wanauziana zile karatasi, na rangi bado iko.

Rangi ya tike ya leo haikai. Ile karatasi ya mashine haina wino. Mashine inaichoma kidogo, na pale ilipochomwa panakuwa peusi. Joto likiipata tena, inakuwa nyeusi yote. Ikikaa na jasho, mafuta au jua, maandishi yanafifia mpaka hakuna kitu. Mtu anaparie Goma siku ya posho, anapanda Rubaya na tike katika mfuko wa suruali ya kazi, anashuka wiki mbili baadaye na karatasi tupu. Na sheria ya tike, ya zamani na ya sasa, ni ngumu: anayeishika njo anayelipwa. Namba isiyosomeka ni ugomvi kwenye dirisha, na mwenye dirisha hana haraka.

Kwa hiyo, ndugu, kama umeshacheza: piga picha ya tike siku ileile, mbele na nyuma, huku namba inasomeka. Andika namba kwa kalamu kwenye kaye. Usiiweke ndani ya sasheti karibu na moto, usiibandike skochi juu ya maandishi, maana gundi yake inaweza kula yale maandishi. Iache nyumbani kwa mama watoto, asiye na jasho la shimo. Soma pia zile herufi ndogo, ambamo wanaandika siku za mwisho za kudai. Tike ya 1934 nayo ilikuwa na herufi zake ndogo, na haziko upande wa mtende.