Birika jekundu: gari linapoonya, dereva asikie

Ilikuwa Julai 2019, msimu wa machungwa umepamba moto huko Muheza. Mjomba wangu alikuwa akileta shehena ya machungwa Dar es Salaam kwa pikapu yake, nami nilikuwa nimepewa nafasi mbele pamoja na binti yake mwenye umri wa miaka 11. Tulipokwisha kuipita Kabuku, yule mtoto alinyoosha kidole kwenye dashibodi akauliza, "Baba, mbona kuna birika jekundu limewaka?"

Mjomba alitupa jicho mara moja, akajibu, "Hiyo ni taa tu, mwanangu. Tukifika Mkata tutaitazama."

Hatukufika Mkata. Baada ya kitambo kifupi injini ilianza kugonga kama mtu atwangaye chuma kinuni, kisha ikakaza. Gari likazimika, nasi tukajikongoja nalo hadi kando ya barabara. Fundi aliyeitwa alilala chini ya gari, akatuonyesha ufa katika sampu, yaani lile bakuli la chuma lililo chini ya injini ambamo oili hukaa. Jiwe la njia ya shambani lilikuwa limeipasua, na oili yote ilikuwa imemwagika njiani.

"Sampu mngeziba kwa fedha kidogo, mzee," alisema yule fundi. "Lakini injini hii sasa imenoki."

Machungwa yaliuzwa palepale kwa bei ya kutupa. Ada ya shule ya muhula uliofuata ilikwenda kununua injini nyingine iliyokwisha kutumika. Tangu siku ile nimekuwa na desturi ya kuwauliza madereva ninaosafiri nao maana ya birika lile jekundu. Aghalabu hujibu kwamba oili imepungua. Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo iliyomtia mjomba hasarani.

LUGHA YA RANGI

Ndugu msomaji, dashibodi si pambo. Ni ubao wa habari ambao injini, breki na betri huutumia kuzungumza na watu walio ndani ya gari. Alama zake nyingi zimewekwa sawa duniani kote kwa kanuni ya kimataifa ijulikanayo kama ISO 2575, hata mtu aliyejifunza alama za gari lililotengenezwa Japani hawezi kupotea sana akipanda lililotoka Ujerumani. Asiyejua kusoma naye aweza kuzifahamu, kwa kuwa hazikuandikwa kwa herufi, bali zimechorwa.

Kabla ya kuijua michoro, hapana budi kuzijua rangi. Nyekundu ni hatari: tafuta mahali pa salama usimame mara moja. Manjano ni tahadhari: kuna jambo linalohitaji kushughulikiwa, nawe waweza kuendelea kwa uangalifu hadi kwa fundi, bali usilifanye la mwezi ujao. Kijani na buluu hukuarifu tu kwamba kitu fulani kinafanya kazi, kama vile indiketa. Taa ya buluu yenye mchoro wa taa ya mbele hukukumbusha kwamba umewasha taa kali, nawe wampofusha mwenzako anayekuja mbele yako.

BIRIKA LA OILI

Sasa turudi kwenye birika. Ndani ya injini kuna pampu inayosukuma oili ipite katikati ya vyuma vinavyozunguka kwa kasi, hususan kati ya krenki na beringi zake. Utando huo mwembamba wa oili ndio unaozuia chuma kusagana na chuma. Kwenye ubavu wa injini pamefungwa swichi ndogo inayoendeshwa na msukumo wa oili. Msukumo ukishuka mno, swichi hiyo huunganisha umeme na lile birika jekundu huwaka.

Kwa hiyo taa hii haipimi wingi wa oili, bali msukumo wake. Haikwambii kwamba oili inaanza kupungua. Yakwambia kwamba vyuma viko karibu kukosa kinga, pengine vimekwisha kuikosa. Ndiyo maana kusema "tutaitazama mbele ya safari" ni kosa kubwa. Ikiwaka gari likiwa katika mwendo, jiweke kando, zima injini, kisha tazama chini ya gari na upime oili. Ikiwa oili imepungua, ongeza. Ukiwasha tena na taa ikakataa kuzima, usiendelee hata kidogo. Litafutie gari la kulivuta. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko gharama ya injini.

Zipo dalili zinazotangulia. Taa hii ikimetameta unapokata kona au unapofunga breki, huenda oili ni kidogo kiasi kwamba ikikimbilia upande mmoja pampu hufyonza hewa. Ama wingi wa oili, huo hupimwa kwa kile kijiti chake, gari likiwa mahali pa tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Kazi hiyo haihitaji fundi, wala haichukui muda kuliko kunywa kikombe cha chai.

JOTO NA HILA YAKE

Geji ya joto huonyesha joto la maji yanayoipoza injini. Kwa kawaida mshale hupanda taratibu kutoka herufi C, yaani baridi, hukaa karibu na katikati na kutulia. Ukianza kuielekea herufi H, zima kiyoyozi na usimame mapema. Usisubiri mvuke.

Lakini magari madogo mengi tunayoyaagiza yakiwa yamekwisha kutumika huko Japani hayana geji hii kabisa. Badala yake yana taa mbili. Ya kwanza ni ya buluu au kijani, huwaka asubuhi injini ikiwa bado baridi na huzima yenyewe. Ya pili ni nyekundu, yenye mchoro wa kipimajoto kilichozama majini, nayo huwaka injini inapochemka. Mwenye gari la namna hiyo hapewi onyo la polepole. Akiiona nyekundu, ajue muda wa kusitasita umekwisha.

Kuna na hila ambayo wengi hawaijui. Kipimo cha joto hupima maji. Maji yakikauka kabisa, kipimo hubaki hewani, na mshale waweza kushuka ilhali injini inaungua. Basi mshale uliopanda kisha ukaanguka ghafla bila sababu si habari njema.

Gari likichemka, usikimbilie kufungua mfuniko wa rejeta. Maji yaliyomo yamefungiwa kwa shinikizo, nayo huwa na joto kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Mfuniko ukifunguliwa huruka yakamwunguza mtu uso na mikono. Liache gari lipoe walau nusu saa, wala usiimwagie injini iliyo moto maji baridi, kwa kuwa chuma chaweza kupasuka. Anayelazimisha safari huishia kukata gasketi na kupinda silinda hedi.

BETRI NA BREKI

Taa nyekundu yenye mchoro wa betri huwadanganya wengi wakadhani wameambiwa wanunue betri mpya. Maana yake hasa ni kwamba betri haipati chaji. Kosa laweza kuwa kwenye alteneta, kwenye waya, au mkanda unaoizungusha umekatika. Katika injini nyingi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka, peleka macho upesi kwenye joto. Joto likipanda, simama, kwa maana mkanda umekwenda. Joto likitulia, zima redio na kiyoyozi, uelekee moja kwa moja kwa fundi bila kuizima injini njiani, kwani huenda isiwake tena.

Taa ya breki ni duara jekundu lenye alama ya mshangao. Kwanza hakikisha kwamba breki ya mkono imeshushwa yote. Kama imeshushwa na taa haizimi, huenda mafuta ya breki yamepungua. Mafuta hayo hayanyweki kama petroli. Yakipungua, ama yanavuja mahali, ama pedi za breki zimelika na mafuta yameshuka kujaza nafasi yake. Anayeongeza mafuta na kuondoka bila kutafuta sababu anaizima taa na kuiacha hatari ibaki palepale.

Katika taa za manjano, iliyo maarufu ni ile yenye mchoro wa injini. Kompyuta ya gari huiwasha inapogundua hitilafu, nayo yaweza kuwa ndogo au kubwa. Fundi mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ndiye atakayeitambua. Ikiwaka imetulia, panga kwenda kwa fundi mapema. Ikiwaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo mara moja, maana kwa kawaida ni ishara kwamba silinda hazichomi mafuta sawasawa, na mafuta yasiyoungua yaweza kuharibu kifaa cha kusafishia moshi.

MSHALE NA MWENDO

Spidomita ni kongwe. Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya spidomita iliyotumia sumaku inayozungushwa kwa waya kutoka kwenye magurudumu, na mtindo huo ulitumika katika magari kwa miongo mingi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidomita kuonyesha mwendo ulio chini ya ule wa kweli; yaruhusu izidishe kidogo tu. Lakini kinga hiyo huvunjwa na mwenye gari mwenyewe anapofunga matairi makubwa kuliko yaliyokusudiwa. Gurudumu kubwa hula ardhi nyingi zaidi kila linapozunguka, hivyo mshale husema 50 ilhali gari limekwisha kupita hapo. Na 50 ndiyo kikomo cha mwendo kwa saa katika maeneo ya makazi hapa Tanzania. Namba 180 iliyochapwa pembeni si ruhusa ya kuifikia.

Tazama pia geji ya mafuta. Pembeni mwa mchoro wa pampu, magari mengi yana pembetatu ndogo inayoonyesha upande uliko mdomo wa tangi. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1986 na Jim Moylan, mfanyakazi wa Ford huko Marekani, baada ya kulowa mvua akilijaza mafuta gari la ofisi ambalo alikuwa ameliegesha upande usiofaa.

TAA ISIYOWAKA

Nimeiacha ya mwisho taa iliyo hatari kuliko zote, nayo ni ile isiyowaka kabisa. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, birika, betri na taa nyingine nyingi za onyo hapana budi ziwake, kisha zizime injini inapounguruma au baada ya sekunde chache. Hilo ni jaribio ambalo gari hujifanyia lenyewe. Taa ikikosa kuonekana, huenda balbu imeungua. Huenda pia imeng'olewa, au imeunganishwa na waya wa taa nyingine ili mnunuzi asiijue aibu ya gari. Unaponunua gari lililotumika, usikubali kulikuta limekwisha kuwashwa na kuunguruma. Omba lizimwe, kisha ufunguo ushike wewe, uzihesabu taa moja moja zikiwaka na zikizima.

Na ikiwa dashibodi yako hutoa maneno ya Kijapani, yapige picha. Simu za siku hizi zina programu za kutafsiri maandishi hayo, na yafaa kuandika maana yake katika daftari litakalokaa ndani ya gari.

Wasomaji wetu wasio na magari wasidhani kwamba makala haya hayawahusu. Abiria aketiye mbele ana macho sawa na dereva, na mara nyingi ana nafasi zaidi ya kutazama. Aliyeliona birika siku ile alikuwa mtoto wa darasa la tano. Alisema ukweli mapema, wala hakuna aliyemsikiliza, mimi nikiwa mmoja wao.

Siku hizi mjomba hapigi stata upesi. Hufungua swichi, hungoja, na yule binti, ambaye sasa yuko sekondari, huzitaja taa kwa sauti: birika, betri, breki. Injini ikiwaka huzitaja tena zikizima. Ikibaki moja, hakuna safari hadi sababu ijulikane. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tulijenga ukuta huo kwa ada ya shule. Kesho asubuhi, kabla gari halijatoka nyumbani, waite wanao mbele ya dashibodi, mzihesabu taa zenu pamoja.