Kunakili uso wa Gérôme ili ujue kuchora sura

Vijana wetu wengi wanaochora sura huanza na picha ya simu. Wakifika kwenye ngozi nyeusi huchukua hudhurungi kutoka kwenye tyubu, wakaitia rangi nyeusi penye kivuli na nyeupe penye mwanga. Uso ukatoka kama umepakwa majivu, na mwenyewe akiletewa picha yake hajitambui.

Dawa ya zamani ni kunakili kazi ya fundi. Jumba la Louvre, Paris, limewaruhusu wachoraji kunakili tangu lilipofunguliwa mwaka 1793. Van Gogh alinoa mkono wake kwa kunakili michoro ya mafunzo iliyotolewa na Charles Bargue pamoja na Jean-Léon Gérôme.

Kwa ngozi kama zetu, napendekeza picha ya huyo Gérôme iitwayo "Bashi-Bazouk", ya 1868–69, iliyoko makumbusho ya Metropolitan, New York. Ni mwanamume mweusi mwenye kilemba, joho la hariri na bunduki begani. Mavazi aliyanunua Gérôme safarini Mashariki, kisha akamvisha mtu huyo chumbani kwake Paris, kwa hiyo usiisome kama historia. Jina la mtu mwenyewe halimo katika anwani ya picha, jambo linaloniudhi kila nikiitazama. Lakini uso ule umechorwa kwa heshima, na makumbusho yameiweka picha mtandaoni bure, uipakue bila kudaiwa haki na mtu.

Ya asili ina sentimita 80.6 kwa 66. Chukua nusu yake, yaani 40 kwa 33. Gawa picha na kitambaa chako kwa miraba iliyo sawa kwa idadi, uchore kwa mkaa. Ukimaliza, pindua vyote viwili juu chini uvilinganishe. Pua iliyokwenda upande itajifichua yenyewe. Usiguse rangi kabla ya kusahihisha hapo.

Kisha paka picha nzima kwa hudhurungi peke yake, iliyolainishwa kwa tapentini. Kunja macho ukiitazama ya asili: madogo yote yatapotea, yatabaki mabonge ya mwanga na kiza. Hayo ndiyo unayoyatafuta. Hapa ndipo wengi hukosa subira, na hapa ndipo sura hupatikana au hupotea.

Zikikauka, ndipo zije rangi. Weka kando tyubu nyeusi. Buluu nzito ikichanganywa na hudhurungi hutoa kiza chenye uhai. Ongeza wekundu kidogo kivuli kipate joto. Mng'ao wa paji la uso nao si mweupe mtupu. Ngozi nyeusi hurudisha rangi ya mwanga ulioipiga, na ukiwa ni wa dirishani huelekea ubuluu. Safu ya chini iwe na mafuta machache kuliko ya juu, la sivyo picha itapasuka baadaye.

Wengine huuliza kama huu si wizi. Louvre wana kanuni mbili nzuri: nakala isilingane ukubwa na ya asili, na sahihi ya mchoraji isinakiliwe. Nyuma ya kitambaa andika kwamba ni nakala ya Gérôme, kwa mkono wako, na tarehe. Kazi ya pili muweke nyanyako karibu na dirisha, asubuhi, umchore yeye.