Ruta inapokatiza intaneti nyumbani: Tafuta chanzo kabla ya kununua nyingine

WAKAZI wa mji wa Machakos na viunga vyake ambao wameunganishiwa intaneti nyumbani huilipia kila mwezi, jinsi wanavyolipia maji na umeme. Tofauti ni kwamba mfereji ukikauka kila mtu hujua kilichokosekana ni maji, ilhali intaneti inapokatika kila baada ya dakika chache, wengi hawajui wamlaumu nani.

Aghalabu lawama huiangukia ruta, kile kijisanduku chenye taa kinachosambaza mawimbi ya Wi-Fi nyumbani. Mwenye nyumba huizima na kuiwasha, kesho yake hufanya vivyo hivyo, na hatimaye hununua nyingine kwa maelfu ya shilingi. Si ajabu ruta hiyo mpya kuanza kukatiza mawasiliano katika juma lilo hilo, kwa kuwa kasoro haikuwa ndani ya ruta tangu mwanzo.

Hasara yake si ya fedha pekee. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Machakos anayewasilisha kazi kwa mhadhiri wake, mtahiniwa anayeomba nafasi ya masomo kupitia tovuti ya KUCCPS, au mfanyabiashara anayewasilisha ripoti ya ushuru kwa KRA saa za mwisho za Juni 30, wote wanaweza kupoteza mengi mawasiliano yakikatika kwa dakika tano tu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kubaini mahali hasa mawasiliano yanapokatikia, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Safari ya vipande vitatu

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Wi-Fi si intaneti. Wi-Fi ni mawimbi ya redio ya masafa mafupi yanayounganisha simu, tarakilishi na runinga na ruta iliyo sebuleni. Ruta ikiwa na umeme huendelea kutoa mawimbi hayo hata kama intaneti yenyewe imekatika huko nje. Ndiyo sababu simu huweza kuonyesha alama kamili za Wi-Fi ilhali hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka.

Kwa hivyo, habari unayoisoma kwenye simu hupitia vipande vitatu vya safari. Cha kwanza ni hewani, kati ya simu na ruta. Cha pili ni ndani ya ruta yenyewe, pamoja na umeme unaoiendesha. Cha tatu ni kutoka ruta hadi kwenye mitambo ya kampuni inayokuuzia huduma, na kutoka hapo hadi ulimwengu wa nje. Kazi ya anayetafuta kasoro ni kujua kipande kipi kimekatika.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba muda wa malipo haujakwisha au kwamba kifurushi hakijamalizika. Huduma nyingi za nyumbani nchini hulipiwa kabla ya kutumiwa, na siku zikikwisha mawasiliano hukatwa na mtambo bila mtu yeyote kupiga simu.

Baada ya hapo, jiulize: je, vifaa vyote vya nyumbani vimekatika kwa wakati mmoja, au ni kimoja tu? Ikiwa ni simu moja inayosumbua ilhali nyingine zinaendelea vyema, basi kasoro iko kwenye simu hiyo. Iamuru iusahau mtandao huo, kisha uiunganishe upya kwa kuandika neno la siri. Angalia pia ikiwa imewekwa katika hali ya kuokoa betri, kwani baadhi ya simu huzima Wi-Fi skrini inapozimika.

Vifaa vyote vikikatika pamoja, fanya jaribio la pili. Chini au nyuma ya ruta kuna karatasi iliyobandikwa yenye anwani ya tarakimu, mathalani 192.168.1.1. Iandike anwani hiyo kwenye kisakuzi cha simu, jinsi unavyoandika anwani ya tovuti, huku data ya simu ikiwa imezimwa. Ukurasa wa ruta ukifunguka ilhali tovuti nyingine hazifunguki, basi kipande cha hewani ni kizima na tatizo liko mbele zaidi. Usipofunguka, tatizo liko kati ya simu na ruta, au ndani ya ruta.

Jaribio la tatu ni la waya. Chukua tarakilishi uiunganishe na ruta kwa waya wa mtandao badala ya Wi-Fi. Mawasiliano yakitulia kwa waya lakini yakaendelea kukatika hewani, mhalifu ni mawimbi.

Kuta, majirani na maikrowevu

Ruta nyingi hutumia masafa ya aina mbili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vyema zaidi, lakini yana msongamano. Yale ya gigahezi 5 yana kasi na nafasi nyingi, ila hudhoofika upesi yanapokutana na ukuta.

Nyumba nyingi za Machakos zimejengwa kwa mawe ya kuchongwa au matofali, na za ghorofa zina sakafu ya zege yenye vyuma ndani yake. Kila ukuta wa aina hiyo hupunguza nguvu za mawimbi. Mabati huyarudisha yalikotoka, nalo tangi la maji huyameza. Ruta iliyowekwa kwenye kona ya sebule haitarajiwi kuhudumia chumba cha kulala kilicho upande wa pili, nyuma ya kuta tatu. Iweke katikati ya nyumba, mahali pa juu, mbali na jokofu na runinga.

Msongamano ni jambo jingine. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika njia zenye nambari, na kati ya njia 1 hadi 11 ni tatu tu zisizoingiliana zikitumiwa pamoja: 1, 6 na 11. Katika jumba la kukodisha lenye familia ishirini, kila moja na ruta yake, njia hizo tatu hugombaniwa kama matatu za jioni. Ingia katika ukurasa wa ruta, uchague mojawapo ya njia hizo isiyotumiwa sana na majirani, au uhamishe vifaa vilivyo karibu na ruta hadi gigahezi 5.

Maikrowevu nayo hupasha chakula kwa mawimbi yaliyo karibu sana na gigahezi 2.4. Ikiwa mawasiliano hukatika kila mtu anapopasha chakula moto, basi huna haja ya fundi. Iondoe ruta karibu na jikoni.

Umeme na joto

Kipande cha pili ndicho kinachopuuzwa zaidi. Ruta haitumii moja kwa moja umeme wa volti 240 unaofika nyumbani. Adapta yake huupunguza hadi kiwango kidogo, aghalabu volti 12. Adapta ikizeeka hushindwa kutoa nguvu zinazohitajika, hasa vifaa vingi vinapotumika kwa pamoja, na ruta hujizima na kujiwasha yenyewe.

Dalili yake ni rahisi kuiona. Mawasiliano yanapokatika, tazama taa. Zikizimika zote kisha zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine, ruta imepoteza umeme au imejianzisha upya. Adapta mpya hugharimu kiasi kidogo sana kikilinganishwa na bei ya ruta. Hakikisha kwamba volti zake ni zile zile zilizoandikwa kwenye ruta, na kwamba ampia zake si pungufu. Adapta ya volti tofauti inaweza kuiunguza.

Umeme wa kuyumbayumba huleta dalili iyo hiyo. Kuna betri ndogo zilizotengenezwa mahususi kwa ruta, ambazo huiwezesha kuendelea umeme unapopotea kwa muda mfupi. Hata hivyo, betri hiyo haisaidii ikiwa mitambo ya kampuni mtaani mwako nayo imezimika, jambo linaloweza kutokea umeme ukipotea kwa muda mrefu, kama ulivyopotea katika sehemu kubwa ya nchi mnamo Agosti 25, 2023.

Msimu wa mvua, radi zinapopiga katika vilima vya Iveti na Mua, chomoa adapta kutoka kwenye soketi. Kubonyeza swichi pekee hakutoshi.

Joto pia hudhuru. Ruta hupumua kupitia vitundu vilivyo ubavuni na chini yake. Katika sebule nyingi nchini, kila chombo hufunikwa kitambaa cha kufumwa, na ruta nayo haikusazwa. Ikiwa imefunikwa, au imefungiwa ndani ya kabati la runinga juu ya king'amuzi kilicho moto, huenda ikakwama adhuhuri jua linapowaka juu ya mabati na kupata nafuu usiku. Ivue kitambaa, uipanguse vumbi, uiache ipate hewa.

Vilevile, hesabu vifaa vilivyounganishwa. Ukurasa wa ruta huviorodhesha vyote. Ukikuta vingi kuliko vilivyomo nyumbani, neno lako la siri limesambaa mtaani. Libadilishe, uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3.

Onyo moja ni muhimu. Kuzima ruta na kuiwasha si sawa na kubonyeza kitufe kilicho ndani ya kitundu kidogo kwa sindano. Kitufe hicho hufuta mipangilio yote, ikiwemo ile iliyowekwa na kampuni, na huenda usipate tena intaneti hadi fundi aje. Usikiguse pasipo maelekezo ya kampuni.

Kasoro inapokuwa nje ya nyumba

Kwa wanaotumia faiba, mwanga ndio unaobeba habari ndani ya uzi mwembamba wa kioo. Kwenye kifaa kinachopokea uzi huo kuna taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake ni kwamba mwanga haufiki. Huenda uzi umepindwa sana nyuma ya kochi, umekatwa na wachimbaji wa barabara, au umeng'olewa pamoja na nguzo. Usiuchomoe na kuchungulia ncha yake, kwani mwanga huo hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru.

Kwa wanaotumia ruta za laini ya simu, jiografia ya Machakos ina uzito wake. Nyumba iliyo nyuma ya kilima, mbali na mlingoti, hupokea mawimbi hafifu, na ruta huweza kuhamahama kati ya milingoti miwili. Isogeze hadi kwenye dirisha linaloelekea mlingoti ulio karibu, kisha ulinganishe matokeo.

Kuna pia kasoro zilizo mbali kabisa. Tangu Julai 2009, nyaya za baharini zinazofika nchini kupitia Mombasa, ukiwemo wa SEACOM, zimekuwa ndizo njia kuu ya kuunganisha Kenya na ulimwengu. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini mwa Afrika, na watumiaji nchini Kenya, Tanzania na kwingineko wakaathirika. Siku kama hiyo, taa za ruta yako zinaweza kuwa shwari kabisa. Ukiona majirani wanaotumia kampuni tofauti wanalalamika pia, subiri. Usifungue mkoba.

Andika kabla ya kulalamika

Silaha kuu ya mteja ni daftari. Kwa siku tatu, andika saa mawasiliano yalipokatika, yalichukua muda gani kurejea, taa zipi zilikuwa zikiwaka, na ni nini kilichokuwa kikiendelea nyumbani. Kukatika kila siku kati ya saa moja jioni na saa nne usiku huashiria msongamano au umeme dhaifu. Kukatika wakati wa mvua huashiria waya au kiungo kilichoingia maji. Kukatika saa za joto huashiria ruta yenyewe.

Mhudumu wa kampuni akipokea simu na kukuambia uzime ruta na kuiwasha, msomee orodha hiyo. Mweleze kwamba hata kwa waya mawasiliano hukatika, na utaje rangi ya taa. Ni vigumu kwake kukurudisha mwanzo. Omba nambari ya malalamiko yako na uihifadhi.

Kampuni isipochukua hatua, mteja ana haki ya kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano zipo tangu mwaka 2010. Mamlaka hutarajia kwamba umeanza kwa kampuni yenyewe, na hapo ndipo daftari na ile nambari huwa ushahidi.

Je, ni lini basi inafaa kununua ruta mpya? Ni pale ambapo umebadilisha adapta, umeipa hewa, umeihamisha na kuibadilishia njia, kampuni imethibitisha kwamba waya wake ni mzima, na bado ukurasa wa ruta yenyewe unakataa kufunguka hata kwa waya. Hata hapo, uliza kwanza ikiwa ruta hiyo ni mali ya kampuni. Ikiwa ni yake, ni wajibu wa kampuni kuibadilisha, wala si wako.