Embe la Baba Si Haramu

Msimu wa maembe ulipoanza, mama mmoja jirani yetu aliyafungia yote kabatini. Hakuwa mchoyo. Mumewe alikuwa ameambiwa hospitalini kwamba ana kisukari, naye mama akaogopa. Watoto walikula maembe nyuma ya nyumba ili baba asiwaone. Lakini kila jioni baba huyo alipewa bilauri mbili za maji ya machungwa, eti hayakutiwa sukari!

Akina mama wapendwa, hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mwenye kisukari anaweza kula matunda. Yanampatia vitamini na madini, na hayafai kuondolewa katika mlo wake. Jambo la kuangalia ni kiasi, na jinsi anavyoyala.

Tunda zima lina nyuzinyuzi. Hizo huchelewesha sukari kuingia katika damu, na pia hushibisha. Tukilikamua na kulichuja, nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye chujio, na sukari huingia katika damu haraka. Tena, bilauri moja yaweza kuhitaji machungwa matatu. Ni nani hula machungwa matatu kwa dakika moja?

Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi wahudumu wa afya zaidi ya 187,000 huko Marekani. Waliokula matunda mazima mara kwa mara, hasa zabibu na matofaa, walipata kisukari cha aina ya pili kwa uchache zaidi. Waliokunywa maji ya matunda kila siku walikipata zaidi.

Basi tupime namna gani? Kwa mara moja, mgonjwa achague kimoja tu kati ya hivi: chungwa moja la wastani, nusu ya embe, ndizi mbivu moja ndogo, au kikombe kimoja cha papai lililokatwakatwa. Anaweza kula hivyo mara mbili au tatu kwa siku, lakini si zote kwa wakati mmoja. Akila tunda pamoja na chakula, tupunguze kidogo ugali au wali. Tende ni tamu sana, hivyo mbili zinatosha.

Miili haifanani. Mwenye kipimo cha sukari nyumbani apime kabla ya kula, kisha saa mbili baadaye, aone tunda gani linampatana. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza, kwa sababu ndizi na machungwa yana potasiamu nyingi.

Maji ya matunda nayo yana wakati wake. Mgonjwa anayetumia dawa akianza kutetemeka na kutoka jasho kwa sababu sukari imeshuka, nusu bilauri yaweza kumwokoa. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Akiwa amezimia, asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Jirani yetu alipoelezwa hayo na muuguzi, alilifungua lile kabati. Sasa embe hukatwa mezani mbele ya wote: nusu ya baba, nusu ya mama, na watoto hawajifichi tena. Nasi tusimtenge mgonjwa wetu kwa sababu ya hofu. Tumkatie tunda lake kwa kipimo, tule pamoja naye.